Mgeni Kapewa Jembe Siku ya Kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walikuwa na huruma, wahenga hao. Siku mbili nzima mgeni akae kitini, ale, anawe, apumzike, kisha ndipo aonyeshwe njia ya shambani. Mwezi wa Agosti mwaka jana nilimpeleka mama yangu mkahawani mjini Mwingi, na jembe akapewa kabla ya dakika ishirini kwisha.

Naomba nieleze tangu mwanzo, msomaji, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo na bado halijanitoka moyoni.

Mama yangu ana umri wa miaka sabini na ushei. Mikono yake imeshikwa na baridi yabisi, vidole vya kulia vimepinda kidogo kuelekea kwenye kidole kidogo, na asubuhi za baridi hawezi kufunga kifungo cha sweta bila kusaidiwa. Juu ya hayo ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tisa sasa. Lakini ukimkuta Jumapili amevaa rinda lake la kanisani na leso mpya begani, hutajua lolote kati ya hayo, kwa maana yeye ni mtu wa kuficha maumivu yake kama wengine wanavyoficha pesa.

Tena si mtu mgeni katika biashara ya chakula. Mwaka wa 1993, Mwingi ilipokatwa kutoka Kitui ikafanywa wilaya, mama alifungua kibanda karibu na steji. Wanaoijua barabara ya Nairobi kwenda Garissa kupitia Thika na Matuu wanajua kwamba Mwingi iko karibu na nusu ya safari, na basi lililotoka Nairobi alfajiri likifika pale, abiria wote huwa na njaa ya aina moja. Dereva hutangaza dakika kumi na tano. Ndani ya dakika hizo mtu ateremke, atafute choo, anawe, ale, alipe, na arudi kwenye kiti chake kabla utingo hajaanza kupiga ubavu wa basi kwa kiganja.

Mimi nimekulia katika kibanda hicho. Kazi yangu ilikuwa kumwagia wateja maji ya kunawa kwa birika la plastiki. Nilimwona mama akifanya mambo ambayo wakati ule sikuyaona kuwa ni ufundi. Akiingia mzee asiye na meno, mama alikuwa akimtolea mifupa kwenye nyama huko huko jikoni, na mzee hakujua kama ametolewa. Akiingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, chapati yake ilikatwa vipande kabla ya kutoka, maana mkono wake mmoja ulikuwa na kazi nyingine. Muthokoi alikuwa ameukoboa jana yake kwenye kinu, akaupika na mbaazi tangu usiku. Sahani ilifika mezani ikiwa imekamilika. Dereva na utingo walikula bure, kama desturi ilivyo, kwa kuwa wao ndio walioleta basi zima. Kibanda kilifungwa mwaka wa 2009 mikono ilipoanza kukataa, na kilichobaki ni sahani chache za bati, nyeupe, zenye ukingo wa samawati, ambazo mama huzitunza kabatini kana kwamba ni vyombo vya arusi.

Sasa turudi kwenye mkahawa. Jina lake sitalitaja. Si nia yangu kumharibia mtu biashara. Ni mpya, uko kando ya barabara kuu, umepambwa kwa balbu zilizofunikwa vikapu na viti vilivyotengenezwa kwa magurudumu ya zamani. Menyu haikuwako. Kulikuwa na kijiraba cheusi chenye madoadoa kilichobandikwa mezani, ukielekeze simu yako, na bei zijitokeze kwenye kioo. Mama alikitazama akauliza kama ni dawa ya nzi.

Nilimsomea. Akachagua chapati na kuku. Ilikuwa shilingi 850. Bei hiyo nilimficha, na ninakuomba nawe, msomaji, uniwekee siri.

Kilicholetwa kilikuwa hivi. Ubao mnene wa mbao, usio na ukingo. Juu yake kindoo kidogo cha bati, mfano wa vile vya watoto kuchezea mchanga, na ndani yake chapati mbili zimekunjwa na kusimamishwa. Kando yake kuku katika kijiti. Kisha kitunguu kilichokatwa duara, nyanya nusu mbili, matawi ya dhania na mashina yake, nusu ya parachichi ikiwa bado na kokwa lake, kipande cha limau, na vichupa viwili vyenye mchuzi wa rangi tofauti. Vyote vimepangwa kwa nafasi, kila kimoja na uwanja wake, kama nyumba za walimu.

Mama alisema asante. Akaweka mikono mapajani, akangoja.

Mimi nilianza kula changu. Baada ya kitambo nikamwona hajagusa kitu, nikamuuliza, "Mwaitu, mbona huli?"

Akanijibu kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha mtu, "Tungoje kidogo. Hawajamaliza. Wataleta sahani."

Mhudumu, kijana mtanashati mwenye aproni nyeusi, alikuwa akipita akasikia. Akacheka, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Akasema kwa sauti iliyofika meza ya tatu, "La, susu, ndiyo hiyo tayari! Hapa unajipangia mwenyewe. Ndiyo raha yake!"

Watu wakageuka. Mama akatabasamu lile tabasamu lake la kibandani, la kumpa mteja anayelalamika. Akachukua chapati, akaitandika juu ya ubao. Akajaribu kumtoa kuku kwenye kijiti. Vidole vikakataa. Akavuta tena, kipande kikaruka, na alipoinamisha kichupa cha mchuzi, mchuzi ukakimbia juu ya ubao usio na ukingo, ukadondoka moja kwa moja kwenye rinda la kanisani. Hapo akairudisha mikono chini ya meza, na hakuitoa tena.

Nilimpangia mimi. Nilimtoa kuku, nikakata nyanya, nikang'oa kokwa, nikaviringisha chapati na kumshikisha. Mwanamke aliyewatolea wazee mifupa kwa siri kwa miaka 16, bila mzee hata mmoja kujua, alilishwa na bintiye mbele ya watu kama mtoto aliyeachishwa ziwa juzi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwa kijana yule? Alitumwa. Kwa mwenye mkahawa? Hakuwako. Kwangu mimi, niliyemtoa mzazi nyumbani ili nimwonyeshe kwamba mshahara umefika?

Usiku ule sikulala upesi. Nilijiuliza kama labda ni ushamba wangu tu. Waama, hata sisi tuna vyakula vya kujipangia. Ugali huletwa kama kilima kitupu, na kila mmoja humega tonge lake, akalifinyanga, akalitia kishimo kwa kidole gumba, akateka mchuzi. Hakuna anayelalamika kwamba mpishi hakumaliza kazi. Nenda penye nyama choma, pale Mwingi au Kitui au popote. Unaanzia buchani. Unaonyesha kwa kidole, mguu ule, au mbavu zile. Inapimwa, unalipa kwa kilo, unangoja saa nzima ukipiga gumzo. Na inapokuja, inakuja juu ya ubao! Ubao, kachumbari kando, chumvi rundo pembeni. Mama amekula kwenye ubao wa aina hiyo tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kuingiza mikono chini ya meza.

Tofauti niliiona nilipomkumbuka mchomaji mwenyewe. Yeye husimama pale pale mezani na kisu chake, akakata mbele ya macho yako, na ukimwambia "mkatie mama ndogo ndogo", anakata ndogo ndogo. Ubao wake una kazi, ni wa kukatia. Kisu kikiisha kupita, kilichobaki ni kula. Na ule mkono wa ugali tulifundishwa tukiwa magotini pa mama zetu; hakuna anayeingia hotelini Ukambani akaaibika kwa kutojua kufinyanga tonge. Kule kwenye balbu za vikapu, mama alipewa kazi ya mpishi, kazi asiyofundishwa, kwa mikono isiyoiweza, na akacheka anayepaswa kumhudumia.

Hata mikahawa mikubwa ya Nairobi iliyojenga jina kwa vioja ililijua hilo. Carnivore, iliyofunguliwa mwaka wa 1980, ina vioja vyake. Wahudumu hupita na nyama kwenye panga la Kimaasai, wakakukatia kwenye sahani, na mezani kuna kibendera. Ukishiba unakilaza, nao wanaacha kuleta. Mlaji kaachiwa aseme basi, na achague mchuzi. Panga amelishika mwingine.

Nikatafuta mchezo huu wa kufumua chakula ulitoka wapi, nikakuta una wenyewe. Mhispania Ferran Adrià, wa mkahawa wa elBulli uliofungwa mwaka wa 2011, alipata sifa dunia nzima katika miaka ya 1990 kwa kuvichukua vyakula vya kwao na kuvitenganisha. Kimanda cha viazi, ambacho kila mama wa Kihispania hukipika, kiliandaliwa katika glasi, yai mbali, kiazi mbali, kitunguu mbali. Ila ukitazama vizuri, kazi pale iliongezeka. Wapishi walihangaika zaidi ili mlaji akute ladha ile ile mahali asipoitazamia. Mlaji alipewa kijiko, basi.

Wanafunzi wa mbali wa mwalimu huyo ndio waliochukua nusu ya somo. Mwaka wa 2016 mwanamke mmoja mwandishi aliagiza kahawa mjini Melbourne, Australia, akaletewa vyombo vitatu mithili ya vya maabara ya shule, kahawa kimoja, maji moto kingine, maziwa kingine, ajichanganyie. Alipolalamika hadharani dunia nzima ikaangua kicheko. Mwaka mmoja kabla yake, Mwingereza aitwaye Ross McGinness alianzisha kampeni ya kudai jambo moja tu, sahani, baada ya watu kuchoka kuletewa vyakula juu ya vigae vya paa, sepetu na ndani ya viatu. Na mbao hizo nazo zina kesi. Mkahawa mmoja mjini Birmingham ulitozwa faini ya pauni 50,000 kwa makosa ya usafi, miongoni mwake yakiwa ni kuwaandalia watu chakula juu ya mbao zisizoweza kusafishwa ipasavyo. Kwa hivyo mama hakuwa peke yake kungoja sahani.

Siku ya tatu nilirudi pale mkahawani peke yangu nikamwomba meneja dakika kumi. Ni kijana wa papa hapa, amesomea mambo ya hoteli, mpole, na alinijibu bila kuficha. Alisema vijana huja kwa picha kwanza na chakula baadaye. Sahani ya kawaida haipigwi picha. Alisema watu wengine hurudisha chakula kwa sababu ya kitunguu, na ukiwapa vitu mbalimbali kila mtu huacha asichotaka. Kisha akatabasamu akaongeza kwamba jikoni ana wapishi wawili tu, na kupanga kunachukua muda. Nilimheshimu kwa hilo la mwisho. Nilimuuliza, basi, kama mteja ndiye mpishi wa tatu, mshahara wake uko wapi katika ile 850? Akacheka, akasema ataufikiria.

Ningeweza kuishia hapa nikiwa mshindi. Lakini kuna sehemu ya mchana ule ambayo sijaisimulia, na inaniharibia hoja yangu.

Ni chai. Baada ya aibu ya kuku niliagiza chai mbili, nikijua kitakachokuja, na kweli kikaja, birika dogo la maji moto, kijagi cha maziwa, majani katika kifuko chenye uzi, na sukari kwenye vikaratasi. Chai iliyofumuliwa. Nikafungua kinywa kumwita mhudumu, nimwambie atuletee chai ya kawaida iliyochemshwa na maziwa, kama Wakenya wanavyokunywa. Mama akanigusa mkono.

"Iache," akasema.

Akalivuta birika kwa mikono miwili. Akamimina maji polepole, akachovya kifuko, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa. Akatia maziwa kidogo, akatazama rangi, akatia mengine kidogo. Vikaratasi vya sukari akavisukuma mpaka upande wangu wa meza. Kisha akanywa, akafumba macho. Nilitambua kwamba sikuwa nimemwona mama akinywa chai nje ya nyumba yake kwa miaka tisa. Katika vibanda vingi huku kwetu chai hutoka katika sufuria moja kubwa, na wapo ambao bado huitia sukari humo humo motoni. Mama hukataa kwa adabu, husema ameshiba, hunywa maji.

Alipoweka kikombe chini alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Kulikuwa na mwalimu fulani, alisema, aliyekuwa akisafiri na basi la Garissa kila mwanzo na mwisho wa muhula. Kila akipita aliomba strungi isiyo na sukari. Mama alidhani ni maringo ya wasomi. Sufuria ilikuwa moja, sukari ilikuwa ndani, na foleni ilikuwa ndefu. Siku moja alimwambia mbele ya abiria wote, "Mwalimu, hapa hatuna chai ya mtu mmoja." Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akalipia chapati, akatoka. Akawa haji tena kwenye kibanda chetu. Mama alimwona mara nyingi akisimama kando ya basi na chupa yake ya maji.

"Nilipoambiwa hospitalini nina sukari," mama akasema, "mtu wa kwanza kumkumbuka alikuwa yule mwalimu. Miaka yote ile watu walikunywa sukari yangu, si yao."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi ndiye niliyemmwagia mwalimu yule maji ya kunawa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisema hivi, na wasomaji wanaoendesha hoteli wanisamehe. Chumvi, pilipili, sukari, maziwa, vile vinavyotegemea mwili wa mtu na ulimi wake, mwachieni mlaji, hata kama sufuria ni moja na foleni ni ndefu. Moto, kisu na kupanga ni vya jikoni. Na anayependa kujipangia, apewe ubao wake na balbu zake, sina ugomvi naye. Dada yangu mdogo anapenda sana, hupiga picha mpaka chakula kinapoa. Ila aulizwe kwanza. Maneno ni machache: nikupangie, au utajipangia? Nilimwambia meneja maneno hayo, akayaandika kwenye simu yake. Kama aliyatumia au aliyafuta, nilikuja kujua Desemba.

Desemba, watu wa kwetu waliporudi kutoka Nairobi na Mombasa, nilimuuliza mama angependa tule wapi siku ya kuzaliwa kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa muthokoi nyumbani. Akasema anataka kule kwenye vikapu.

"Kule walikokucheka?"

"Chai yao ni nzuri," akasema.

Tukaenda. Meza ile ile, kijiraba kile kile cha dawa ya nzi. Kijana wa aproni nyeusi alikuwapo, na kabla sijatoa simu yangu aliinama kidogo akauliza, "Susu, leo tukupangie jikoni, au utajipangia?"

"Mnipangie," mama akasema. "Chai nitajitengenezea."

Kisha akainama kwenye kiondo chake miguuni, akapekuapekua chini ya leso na kopo la dawa, na kwa mikono yake miwili akatoa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa samawati uliobambuka mahali pawili. Akaipangusa kwa ncha ya leso, akamnyoshea.

Kijana aliitazama, akanitazama mimi, akaipokea kwa mikono miwili na kuondoka nayo kuelekea jikoni.